Kitanda cha Mwenzetu

Kitanda cha mwisho bwenini, kile cha kwenye kona chini ya dirisha lisilofunguka, hakikuwa na mtu. Kilikuwa na godoro, shuka mbili zilizonyooshwa, blanketi la kijivu na mto. Mvunguni palikuwa na jozi ya buti zilizopigwa rangi mpaka zinang'aa. Siku makuruta wapya waliporipoti kambini, mmoja aliyekosa nafasi alikwenda kutupa begi lake pale, na Sajini, ambaye kumbe alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa:

"Hapo pana mtu."

Kuruta akaomba radhi, akaenda kulala sakafuni.

Wakufunzi wengine wa kambi ile walifoka kutwa, na makuruta waliwazoea upesi, maana kufoka kuna mwisho wake, koo huchoka. Sajini hakupaza sauti. Alipoongea ilibidi uzuie pumzi ili umsikie, na ukishazuia pumzi umeshakuwa wake. Ndivyo alivyowasimulia habari za mwenye kitanda. Alikuwa msichana kama wao, akasema, wa mkupuo wa zamani. Kwenye matembezi marefu ya kumalizia mafunzo, pale njia inapopita machimbo ya kokoto, aliketi kufunga kamba za buti. Wenzake wakaendelea. Hakuna aliyegeuza shingo, na hakuonekana tena. Tangu hapo kila mkupuo unamtandikia kitanda, kwa sababu kila mkupuo yeye hurudi kutafuta mmoja wa kukaa naye.

"Jina lake hatulitaji," akamaliza. "Mwiteni Mwenzetu."

Mmoja wao, binti mwenye mdomo usiopoa ambaye wakufunzi walikuwa wameshambandika jina la Redio, alinong'ona kwamba afande huyu anaonekana hana mke wa kumpigia hadithi. Wale walio karibu wakauma midomo wasicheke. Sajini hakugeuka. Alisema tu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, liko njiani.

Kambi ile ilikuwa na utaratibu wake wa kuhesabu watu. Kuruta hakujiitikia mwenyewe. Kila mmoja alipewa pacha wa kumwitikia, ili muda wote ajue mwenzake yuko wapi na ana hali gani. Jina lako likiitwa, pacha wako ndiye anayesema "Yupo." Mwishoni, baada ya majina yote, Sajini aliita, "Mwenzenu!" na platuni nzima ilipaswa kujibu kwa kinywa kimoja, "Yupo!" Siku ya kwanza walijibu kwa kigugumizi, wakarushwa kichurachura kuzunguka uwanja wa gwaride mpaka magoti yakakataa. Siku ya pili walijibu vizuri. Baada ya wiki chache walijibu bila hata kufikiri, kama mtu anavyosema "salama" akiwa na homa.

Katika platuni ile walikuwamo ndugu wawili, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mkubwa aliitwa Sindano, kwa kuwa kabla ya kambi alikuwa fundi cherehani. Mdogo alikuwa mwembamba mno, na kichwa cha mviringo kilichonyolewa siku ya kuripoti, wakamwita Njiti. Kujiunga lilikuwa wazo la Sindano. Ndiye aliyemshawishi mdogo wake kwamba wakimaliza mafunzo watapata ajira ya maana, na ndiye aliyekwenda kumwombea ruhusa kwa mama yake mdogo. Mama huyo alimsikiliza huku anapepeta mchele, hakusema ndiyo wala hapana mpaka ungo ulipokuwa safi.

"Unamchukua mzima," alisema. "Nirudishie mzima. Sitaki uniletee mwili unaotembea."

Sindano aliona kama mama mdogo anakuza mambo. Njiti alikuwa mtu wa utani tangu utotoni. Hata kambini, wiki zile za mwanzo, ndiye aliyewachekesha wenzake wakati wa kupiga buti rangi, akiwaambia kwamba dada yake huyu suruali akikushonea unaogopa kuinama. Ndugu hawaruhusiwi kuwa mapacha wa kuitikiana, kwa hiyo Njiti alipangwa na Redio, na wawili hao wakiwa pamoja bweni halikulala mapema.

Kilichombadilisha kilianza kama mzaha, na mzaha mzaha hutumbua usaha. Kazi ya kutandika kitanda cha Mwenzetu ilikuwa ya yule aliyefika wa mwisho kwenye mchakamchaka wa alfajiri. Njiti alikuwa na pumzi fupi. Alifika wa mwisho leo, akafika wa mwisho kesho, na ikawa ndiyo kazi yake. Siku moja alipokwenda kutandika alikuta godoro limebonyea katikati, kama mtu aliyelala akaamka. Siku nyingine buti za mvunguni zilikuwa na tope bichi. Wote walijua ni Sajini. Walisema hivyo, kwamba ni Sajini tu, nani mwingine. Ila walilisema mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kisha Sajini akaanza kumuuliza. Njiti akishatandika, Sajini alimsogelea mbele ya wote na kumuuliza polepole, "Amekuambia nini leo?"

"Hajaniambia kitu, afande."

"Unamficha," alisema Sajini, na platuni nzima ikaenda kichurachura kwa ajili ya siri ambayo haikuwapo.

Siku ya tatu ya adhabu hiyo, kuruta mmoja alianguka na kuvunja jino. Asubuhi iliyofuata, Njiti alipoulizwa, alijibu, "Amesema ana kiu, afande." Sajini akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokitaka, akawaruhusu wakanywe uji. Walimshukuru Njiti siku ile. Redio alimbeba mgongoni mpaka bwaloni akitangaza kwamba huyu ndiye wakili wa platuni.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Njiti alitafuta la kusema. Mwenzetu amesema miguu inamuuma. Mwenzetu amesema kule kuna baridi. Mwanzoni aliyatunga usiku na kumjaribishia dada yake, wakacheka chini ya blanketi. Baadaye hakumjaribishia tena. Sindano alipomuuliza kesho atasema nini, Njiti alimjibu, "Sijui, bado hajasema," na alilitamka hilo jinsi mtu anavyosema mvua bado haijanyesha.

Wenzao nao walibadilika. Hakuna aliyetangaza lolote, lakini kikombe cha Njiti kilibaki peke yake mezani, na benchi alilokaa lilibaki na nafasi pande zote mbili. Waliokuwa wanamshukuru sasa walimwangalia kama watu wanavyoiangalia nyumba yenye msiba, kwa huruma na kwa kuharakisha hatua. Redio peke yake aliendelea kukaa naye, ila na yeye maneno yalikuwa yamepungua.

Sindano alikwenda kwa Sajini kuomba kazi ya kile kitanda apewe yeye. Alisimama kwa ukakamavu, akaeleza kwa adabu zote kwamba mdogo wake anadhoofika. Sajini alikuwa anapiga pasi kombati yake, mstari wa mkono umekaa kama umechorwa kwa rula. Alimwambia kwamba jeshi halichagui anayeumia. Alipoona Sindano haondoki, akaweka pasi pembeni akamuuliza kama na yeye huwa anamsikia. Aliuliza kwa namna iliyomtoa Sindano jasho, kwa sababu haikuwa na kejeli ndani yake hata kidogo.

Siku hiyo hiyo Sindano alimwambia Njiti waombe kuondoka, warudi nyumbani, liwalo na liwe.

"Haiwezekani, dada," alisema Njiti. "Nikiondoka mimi, Mwenzetu atamchukua Redio. Au wewe."

"Nani wa kutuchukua? Unajua kabisa yale maneno unayatunga mwenyewe."

Njiti alimtazama kwa upole, kama yeye ndiye mkubwa. "Nilikuwa nayatunga," alisema.

Matembezi marefu yalifika wakati jua limekausha hata majani ya uani. Waliondoka na bunduki za mti begani, mizigo mgongoni, chupa ya maji kiunoni. Walipita mashamba yaliyovunwa, wakapita barabara ya vumbi jeupe, na jua lilipokuwa utosini wakaanza kupanda kuelekea machimbo. Wimbo ulikufa wenyewe. Zilibaki buti na pumzi. Machimboni hakuna mashine iliyokuwa ikifanya kazi. Palikuwa na shimo kubwa, kuta za mawe zilizokatwa wima, na chini kabisa maji ya kijani yasiyotikisika. Sindano alikuwa mistari ya mbele. Vumbi lilikuwa limemkohoza mdogo wake tangu barabarani; alijitahidi kusikiliza kikohozi chake nyuma, akakisikia, akakisikia tena, kisha barabara ikapinda na upepo ukageuka.

Walipoteremka upande wa pili, geti la kambi likionekana kwa mbali, Sajini aliwasimamisha kuwahesabu. Aliita majina kwa sauti yake ile ile. Mapacha wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, sauti zimekauka. Akaita jina la Njiti.

"Yupo," alisema Redio.

Sindano akashusha pumzi. Akafunga macho kidogo. Sajini akaita wengine waliobaki, akamalizia, "Mwenzenu!" na platuni ikajibu "Yupo!" kwa nguvu ya watu wanaoona geti. Ni hapo, sauti zote zilipokoma, Sindano alipogundua kwamba hajasikia kikohozi. Akafanya jambo ambalo kuruta hafanyi akiwa mstarini. Aligeuza shingo.

Pembeni ya Redio palikuwa na nafasi.

Alitoka mstarini akaenda mbele. "Afande, Njiti hayupo."

"Rudi mahali pako."

"Hayupo, afande. Angalia mwenyewe."

"Ameitikiwa," alisema Sajini bila kuangalia. "Aliyeitikiwa yupo."

Sindano akamgeukia Redio. Hakumpigia kelele, alimwangalia tu, na Redio, aliyekuwa hakosi neno, alianza kulia wima, mikono imenyooka ubavuni kama ilivyofundishwa. Alisema Njiti aliketi machimboni, akamwambia atangulie, amwitikie tu, yeye anakuja. Alisema aliogopa kwamba akisema hayupo, wote watarudishwa kuanza upya, na watu walikuwa hawawezi tena. Na kuitikia, alisema, kulimtoka tu. Wamezoea kuitikia mtu asiyekuwapo, kila siku ya Mungu, na hakuna lililowahi kutokea.

Sindano alitegemea Sajini atakimbia, au atatukana, au atapiga filimbi. Sajini hakufanya lolote. Aliangalia kule walikotoka, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni asiyemtegemea nyumbani kwake mwenyewe. Miguu haikusogea.

Kuacha mstari kwenye matembezi yale ni kufukuzwa, walikuwa wameambiwa hilo tangu siku ya kwanza. Sindano alitupa mzigo wake chini, akaanza kupanda. Alikuwa hajafika mbali aliposikia buti nyuma yake. Alikuwa Redio. Nyuma ya Redio alikuja yule aliyevunjika jino, na nyuma yake wengine, wakikimbia ovyo bila mpangilio wa gwaride, na hakuna aliyewaita warudi.

Walimkuta Njiti ukingoni mwa shimo, amekaa juu ya jiwe lisilo na kivuli. Buti alikuwa amezivua, amezipanga pembeni, visigino pamoja. Miguu yake ilining'inia juu ya maji ya kijani. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama ukuta wa tanuri, na jasho limekatika kabisa. Chupa yake ya maji ilikuwa imejaa, hajaifungua.

"Rudini," alisema, ulimi mzito. "Nimekubaliana naye. Anataka mmoja tu."

Sindano alikuwa amekuja na maneno tayari, kwamba ni uongo, ni mchezo wa Sajini, hakuna mtu. Alipomwona namna alivyokaa, alijua maneno hayo yatapita juu yake kama upepo, na kwamba akimshika kwa nguvu pale ukingoni wataanguka wote. Akaketi. Akaning'iniza miguu yake karibu na ya mdogo wake.

"Basi mwambie hatuna mmoja," alisema. "Mwambie tumekuja kundi."

Redio akaja akaketi upande wa pili, akamshika Njiti mkono, akimwomba radhi mfululizo kwa sauti ndogo. Wengine wakafika, wakaketi juu ya mawe, wengine wakapiga magoti nyuma yao, vifua vinapanda na kushuka. Njiti aliwageukia mmoja mmoja, polepole, akihangaika kuelewa. Alionekana kama anahesabu akakosea, akaanza tena. Kisha macho yakageuka juu na mwili wote ukalegea, na mikono mingi ikamvuta nyuma kabla shimo halijampata.

Walimmwagia maji yote waliyokuwa nayo. Sindano akawaambia wavue mashati ya kombati, akayafunga vifungo juu ya bunduki mbili za mti, ikawa machela, wakamteremsha wakipokezana. Sajini walimkuta palepale walipomwacha, katikati ya barabara, ameshika kofia mkononi. Walimpita. Akafuata nyuma yao, wa mwisho.

Muuguzi wa zahanati ya kambi alimtundikia Njiti chupa ya maji ya mshipa, akamwekea vitambaa vya baridi kwapani na shingoni, akasema mwili unaweza kupona. Hakusema zaidi. Mkuu wa kambi aliwaita watu ofisini kwake mmoja mmoja, na Sindano alipoitwa alisema ukweli wote akaambiwa asubiri uamuzi. Hakuujali. Alirudi zahanati akakaa kwenye stuli. Njiti aliamka kesho yake, macho wazi yanaangalia dari. Sindano alimwita kwa jina lake la nyumbani, lile analoitwa na mama yake. Hakugeuka.

"Ana kiu," alisema Njiti.

Sindano akampa maji, na alikunywa, lakini moyo wa Sindano ulikuwa umezama. Alikuwa anamwona mama mdogo na ungo wake. Alikuwa anatafuta maneno ya kwenda kumwambia, na hayapo maneno ya namna hiyo katika lugha yoyote.

Mchana Sajini aliingia. Hakuvaa kofia, na kombati yake ilikuwa na mikunjo. Muuguzi akataka kumzuia, naye akaomba nafasi kidogo tu. Alisimama miguuni pa kitanda. Sindano aliinuka, na kwa mara ya kwanza tangu afike kambini hakukakamaa. Sajini hakuonekana kulijali hilo. Alisema tope alilipaka yeye. Alisema hadithi aliipokea kwa afande wake alipokuwa kuruta, na afande wake aliipokea kwa mwingine, na yeye alidhani inawafanya watu washikamane.

"Lakini lile godoro," alisema, "si mimi niliyelibonyeza. Si mara zote." Akainama juu ya chuma cha kitanda, akimtazama Njiti kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. "Kule machimboni. Kulikuwa na mtu mwingine?"

Sindano alitaka kumtoa nje kwa mikono yake. Alimwona mdogo wake akigeuza kichwa juu ya mto kumwangalia yule mtu mzima aliyekonda usiku mmoja, kola imelegea, vidole vimeng'ang'ania chuma. Sindano aliona kitu kikirudi katika uso ule, polepole na kwa shida, na akaogopa hata kupumua asije akakifukuza. Ilikuwa huruma. Njiti alikuwa na huruma ya namna hiyo hata alipokuwa mtoto, ya kulia mbwa wa jirani akipigwa.

"Hapakuwa na mtu, afande," alisema, na sauti ilikuwa yake. "Nilikuwa peke yangu. Niliogopa sana."

"Una hakika?"

"Nilikuwa peke yangu mpaka dada alipokuja."

Sajini aliitikia kwa kichwa, ila macho yake hayakukubali. Yalikwenda dirishani, yakarudi, yakakwenda tena. Mdomo wake ulianza kuunda swali lile lile kwa mara ya tatu. Njiti alimwomba dada yake amsaidie kuinuka kidogo, akavuta miguu yake upande mmoja wa godoro.

"Kaa, afande," alisema. "Utaanguka."